Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa kuangalia nyota na vijana

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Mambo ya hesabu mhazini atayasoma mwenyewe na uchaguzi una siku yake, kwahiyo mimi leo naongelea kitu kimoja tu ambacho kimenikaa moyoni mwaka mzima, yani vikao vya vijana wanaoanza kujifunza nyota.

Tulianza vibaya, acha niseme wazi. Usiku wa kwanza tulibeba darubini kubwa tukaifunga vizuri, vijana wakapanga foleni, kila mmoja akapewa sekunde chache achungulie Zohali, na huku nyuma wenzao wanawasha tochi za simu maana hawaoni pa kukanyaga. Sasa dunia inazunguka haisubiri mtu, ukishakuza mara mia sayari inakimbia nje ya kioo ndani ya dakika moja au mbili, kwahiyo kuna watoto waliochungulia giza tupu, na kwa adabu tu wakasema "nimeona". Hiyo "nimeona" iliniuma sana jamani. Mtoto hakuona kitu na sisi tukamwacha aende nyumbani hivohivo.

Ndo maana kamati ikaamua darubini ikae kwenye boksi mpaka kikao cha tatu. Najua kuna wanachama hawakufurahi, walisema vijana wanakuja kwa ajili ya darubini, na hoja yao naiheshimu, ila nilichokiona baada ya hapo kimenifanya nisirudi nyuma.

Kikao cha kwanza sa hivi ni macho tu. Kila kijana anapewa kibomba cha karatasi ngumu, anakielekeza sehemu moja ya anga anahesabu nyota zilizo ndani, anaandika. Afu tunakaa gizani tunapiga stori dakika 20 hadi 30 bila simu, mwanga pekee ni tochi tuliyoifunga plastiki nyekundu kwasababu mwekundu hauharibu sana macho yaliyozoea giza, halafu anahesabu tena palepale. Kuna kijana alipata 6 mwanzo, mara ya pili akapata 14, akaniuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Nikamwambia zilikuwepo muda wote, jicho lako ndo lilikuwa halijafunguka. Alinyamaza kidogo afu akageuka kumfokea mwenzie aliyekuwa anatoa simu mfukoni! Toka siku hiyo sisi viongozi hatuhangaiki tena na mambo ya tochi, wanalindana wenyewe.

Hapohapo tunawafundisha kupima anga kwa mkono. Ukinyoosha mkono mbele, ngumi ni kama digrii 10 na kidole kidogo kama digrii 1, na mwezi ni nusu digrii tu, yani kidole kidogo kinaufunika wote na nafasi inabaki. Hakuna anayekubali mpaka ajaribu. Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, nacho tunakitumia sana, wengi wanahesabu nyota sita, tunawaambia msikodoe macho, angalieni pembeni kidogo maana pembeni mwa jicho ndo panashika mwanga hafifu, na kikao cha pili wakipewa binokula wanakuta kumbe ni makumi ya nyota. Rangi pia, kwenye kundi la nyota la Orion kuna nyota ya Betelgeuse ina uwekundu na nyota ya Rigel ni nyeupe yenye ubluu, hapo unaingiza somo la joto bila ubao wala chaki, kwamba ile nyekundu uso wake ni zaidi ya nyuzi 3,000 na hii ya bluu inakaribia nyuzi 12,000, kinyume na bomba la maji ambapo nyekundu ndo moto.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni daftari la binti mmoja. Zoezi lilikuwa kuchora Mshtarii usiku nne mfululizo kwa binokula iliyoegeshwa kwenye stendi, duara dogo katikati na nukta pale unapoona miezi yake, basi. Usiku wa kwanza kachora nukta tatu, wa pili nne, wa tatu tatu tena na zimehama upande, na pembeni kaandika kwa penseli "mmoja umejificha?" Alikuwa sahihi, mwezi unapita nyuma au mbele ya sayari unapotea machoni, na Io, mmoja wa miezi hiyo, unamaliza mzunguko wake kwa chini ya siku mbili. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aliona hayohayo Januari 1610, akachora vilevile nukta na duara, na binti huyu hakuwa ameambiwa hadithi hiyo bado. Tulipomwonyesha darubini kikao kilichofuata alikaa nayo muda mrefu, na wenzie wakamwacha.

Kwenye mwezi tumejifunza kutopanga kikao siku ya mwezi mpevu, unang'aa mno na hauna vivuli, bora siku umefika nusu, pale penye mpaka wa mwanga na giza mashimo yanaonekana mpaka kingo zake. Mawingu yalitufukuza mara kadhaa, hilo halina dawa. Na narudia kwa mkazo kwa anayeazima vifaa, hakuna kuelekeza binokula wala darubini kwenye jua, hata sekunde moja, jicho likiungua halirudi.

Ninachoomba mwaka ujao ni binokula zaidi kabla ya kuongelea darubini nyingine, na wanachama wawili watatu wa kukaa na vijana wageni pale gizani maana wengine wanaogopa na hawasemi. Vimondo vya Geminidi vinafika kilele usiku wa Desemba 13 kuamkia 14, tutalala chali tu bila kifaa chochote, kwahiyo njooni na kitu cha kulalia na nguo nzito, na anayeweza kubaki mpaka saa 8 usiku aniambie mapema nimpangie kundi.