Kuinamisha macho si kasoro ya mtoto wa awali

Ndugu Mhariri,

Katika fomu za tabia ambazo baadhi ya shule za awali huwapa wazazi mwisho wa muhula, kuna kipengele cha kama mtoto humtazama mwalimu usoni. Asiyemtazama huandikiwa "hajiamini". Nyumbani mtoto huyo amefunzwa kutomkazia macho mkubwa, apokee kwa mikono miwili na asubiri kuulizwa. Anakatwa alama kwa adabu aliyofunzwa!

Tabia ipimwe, lakini ipimwe pale inapoonekana. Mtoto aliyenyamaza mbele ya mwalimu, mfuate kwenye mchezo wa kupika: anagawa ubwabwa wa mchanga, anaamua nani mama na nani mgeni, anamtuliza anayelia.

Mwalimu achague watoto wanne kwa wiki. Kila mmoja amtazame mara tatu, dakika tano tano, siku tofauti: kwenye mchezo huru, kwenye uji, na wakati wa kukusanya vifaa. Akae pembeni, maana akisimama juu yao na daftari mchezo hugeuka. Aandike tendo, asiandike hukumu. "Alitoa kijiko alipoombwa mara ya pili" humsaidia mzazi; "mchoyo" humwumiza tu. Tena asikilize lugha. Mtoto wa Kisambaa au Kidigo anaweza kuonekana bubu kwa Kiswahili cha darasani, kumbe kwa lugha ya mama ndiye anayeongoza mchezo.

Umri nao uzingatiwe. Mtafiti wa Marekani Mildred Parten alionyesha mwaka 1932 kwamba watoto wadogo hucheza kando kwa kando kabla ya kucheza kwa kushirikiana. Wa miaka mitatu anayejenga peke yake karibu na mwenzake asiitwe mpweke.

Na fomu hizo haziulizi kabisa kama mtoto huwalea wadogo zake. Watafiti waliokaa Nyansongo, Kisii, nchini Kenya, katika miaka ya 1950 waliona jinsi watoto wanaokabidhiwa wadogo zao wanavyozoea kusaidia na kuwajibika. Huo ni ujuzi mkubwa wa kijamii, nao hauna hata mstari mmoja.

Tunaomba kipengele cha macho kifutwe. Mahali pake paulizwe: Huamkia bila kukumbushwa? Husubiri zamu ya bembea? Mdogo wake akianguka, hufanya nini?

Walimu wa awali,
Tanga