Kwako Hamisi, kabla hujaacha bendi

Tanga, 9 Juni

Hamisi swahiba,

Salaam nyingi, na shikamoo yangu imfikie mama. Barua yako nimeipata. Kumbe wewe na mwimbaji wenu hamsemezani tangu ule ugomvi wa nani katunga wimbo, na sasa unataka kurudisha besi ya watu ukae nyumbani. Umeniuliza kama watu walionuniana wanaweza kupiga muziki pamoja.

Wanaweza, tena miaka mingi. Hujawahi kunisikiliza nikikuhubiria Ramones, ile bendi ya punk ya Marekani, leo utanisikiliza kwa lazima.

Walitoka Forest Hills, pale Queens, New York, wakaanza mwaka 1974. Hawakuwa ndugu hata kidogo, ila kila aliyeingia alijiita Ramone: Joey mwimbaji, Johnny gitaa, Dee Dee besi, Tommy dramu. Albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Kuirekodi kuligharimu kama dola 6,400. Utasema muziki gani huo wa haraka hivyo. Mwangalie Johnny kwanza: mkono wake unapiga kwa kushuka tu, wimbo mzima, bila solo. Jaribu dakika mbili uone kiwiko kitakavyowaka.

Sasa uhasama. Joey na Johnny walikuwa hawaivi tangu zamani. Johnny alikuwa mtu wa Republican, chama cha wahafidhina, mkali wa nidhamu na wa hesabu. Joey mpole, siasa zake upande wa pili kabisa. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpenzi wa Joey, Linda, akamwacha akaenda kwa Johnny, na wakaja kuoana. Wewe unalalamikia wimbo! Tangu hapo wawili wale karibu hawakusemezana tena. Lakini gari lilikuwa moja na steji moja, mji hadi mji, mpaka 6 Agosti 1996 walipopiga shoo ya mwisho Hollywood. Hiyo ilikuwa shoo ya 2,263. Gawanya kwa miaka 22 uone walikuwa wakilala wapi.

Kwa nini hawakuachana? Mimi naona ni njaa. Kwao Marekani hawakuwahi kuwa na wimbo uliotikisa nchi. Albamu iliyopanda juu kuliko zote, ile ya 1980 waliyotengenezewa na prodyuza Phil Spector, iliishia nafasi ya 44 kwenye chati. Mkate wao ulikuwa barabarani. Na Johnny aliichukulia bendi kama kazi: ukimnunia mwenzako, nuna, ila saa ya kupanda stejini uwe umefika. Hata Dee Dee alipojitoa 1989 aliendelea kuwatungia nyimbo. Raha waliionja mbali: Machi 1996 waliagwa na umati mkubwa kwenye uwanja wa River Plate, Buenos Aires, Argentina, huku kwao walizoea kumbi za kawaida.

Jambo moja ulitazame vizuri, maana ndilo lako. Kwenye albamu za mwanzo nyimbo ziliandikwa kuwa za Ramones wote, hata zilizotungwa na mmoja. Kufikia 1981 majina yakaanza kuandikwa mojamoja. Sisemi karatasi ndiyo iliyowagombanisha, lakini mwaka huo, karibu na mambo yale ya Linda, hunishtua kila nikiufikiria.

Na sikufichi gharama yake. Joey alipougua kansa, Johnny hakwenda kumwona. Joey akafa 2001, Dee Dee 2002, Johnny 2004. Tommy alifariki 2014, mwaka uleule albamu ya kwanza ilipotunukiwa dhahabu ya mauzo baada ya miaka 38. Mimi nisingeweza kuishi hivyo, na wewe nakujua, ungekonda ndani ya mwezi.

Basi usiache bado. Mwombe kiongozi wenu awakalishe kabla ya kuingia studio. Wimbo ule nimeusikia: maneno ni yake, lakini ile besi ya mwanzo ni yako na ndiyo inayoinua watu vitini. Andikeni majina mawili, na mgao muuandike pia, msiachie mdomo. Akikataa, hapo rudisha besi na mimi sitakulaumu.

Nyuzi ulizoniagiza nimezipata, nazituma na basi la Jumamosi asubuhi. Ukizipokea nipigie, unieleze amesemaje.

Wako,
Kassim