Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Wazee wetu, dada zangu na kaka zangu, kwa heshima naleta mbele yenu taarifa ya kazi za chama chetu cha kuisoma Japani, hapa Seoul, kwa mwaka 2025, kama katiba inavyotaka.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Vikao vya Jumamosi viliendelea, isipokuwa Agosti na Desemba. Tulisoma siasa za vyama Japani tangu kuundwa kwa LDP, chama kilichotawala kwa miaka mingi, mwaka 1955, tukasoma maisha ya Wakorea waliozaliwa na kukulia Japani, tukatazama namna Korea Kusini ilivyoanza kufungua milango kwa filamu na muziki wa Kijapani baada ya tamko la Rais Kim Dae-jung na Waziri Mkuu wa Japani Obuchi Keizo la Oktoba 1998. Oktoba mwaka huu, chama cha Komeito kilipojitoa kwenye ushirika wake na LDP na Takaichi Sanae akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Japani, tuliweka kando mada iliyopangwa tukajadili hilo. Darasa la Kikorea kwa wanaoanza liliendeshwa na Katibu. Kabati la vitabu limejaa, na sehemu kubwa ya vitabu vipya nimevitoa mimi. Tulifiwa, tukachanga, tukafarijiana.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililojaza ukumbi leo.

Januari, kamati tendaji ilipitisha kwamba mada kuu ya mwaka iwe misafara ya wajumbe wa wafalme wa Joseon, yaani Korea ya zamani, kwenda Japani, na kwamba fedha za akiba zitumike kuwapeleka wanachama kisiwani Tsushima, Japani. Wanachama 11 waliandika barua ya kupinga. Barua hiyo imesomwa na watu wengi ambao si wanachama, kwa hiyo majibu yangu nayatoa hadharani. Barua inasema mambo matatu: kwamba katika mwaka wa 80 tangu Korea ikombolewe na wa 60 tangu mkataba wa 1965 uliorejesha uhusiano wa Korea Kusini na Japani, uongozi umekimbia ukoloni na kujificha katika karne ya 17, kwamba tumeipaka Japani mafuta, na kwamba tumekula akiba.

Kifungu cha pili cha katiba yetu kinasema tutaisoma Japani katika siasa, historia, jamii na utamaduni wake kwa jicho la Korea. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioandika kifungu hicho. Jicho la Korea juu ya Japani halikufunguka mwaka 1910, Japani ilipoitwaa Korea. Anayeanza hesabu hapo anawachukulia Wakorea kama watu waliomjua jirani yao siku alipowatawala, na huko ni kuwapunja.

Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, alivamia Korea mwaka 1592, akarudia 1597, na vita vilikwisha 1598 baada ya yeye kufa. Watu kwa makumi ya maelfu walichukuliwa mateka, wakiwemo wafinyanzi ambao mikono yao ndiyo iliyoanzisha kaure ya Arita, mji wa Japani. Kyoto hadi leo kuna kilima kilichofukiwa pua zilizokatwa Korea na kupelekwa kwa Hideyoshi zikiwa ushahidi wa mauaji. Huo ndio msingi tulioanza nao Februari, na waliokuwepo wanakumbuka ukimya uliotanda. Hayo si mafuta ya kumpaka mtu.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1604 mtawa Samyeongdang, ambaye alikuwa ameongoza watawa wenzake vitani, alivuka bahari, na mwaka uliofuata alikutana na Tokugawa Ieyasu, aliyeishika Japani baada ya Hideyoshi, na kurudi na kundi la mateka. Misafara mitatu ya kwanza, ya 1607, 1617 na 1624, ilibeba katika jina lake rasmi kazi ya kuwarudisha mateka nyumbani. Hadi 1811 misafara ilikuwa 12, mingi ikiwa na watu kati ya 300 na 500: wajumbe, makatibu, waganga, wachoraji, wapiga ngoma na tarumbeta. Waliandika kila walichokiona: masoko, mashamba, ngome, desturi za ndoa, na jinsi shoguni, mtawala wa kijeshi aliyekaa Edo (Tokyo ya leo), alivyoshika nchi huku mfalme wa Kyoto akibaki na heshima tu. Kama kuna watu walioisoma Japani kwa jicho la Korea, ni hawa. Ningewezaje kuongoza chama chenye kifungu kile nikawaruka?

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu barua inadai hakukuwa na msimamo. Mwaka 1719 msafara ulipofika Kyoto, wenyeji waliandaa karamu katika hekalu lenye asili ya Hideyoshi. Wajumbe walikataa. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 120 tangu afe, na bado hawakutaka kula mahali palipohusishwa naye. Palitokea mzozo mkali. Wenyeji walileta kitabu kuonyesha kwamba hekalu lilijengwa upya enzi za Tokugawa, na hata hapo mmoja wa wajumbe wakuu watatu hakwenda. Aliyebishana nao kwa niaba ya bwana wa Tsushima, aliyewasindikiza wajumbe, alikuwa Amenomori Hoshu, msomi aliyejifunza Kikorea Busan. Mwaka 1728 Hoshu huyohuyo alimwandikia bwana wake akisema vita vya Hideyoshi havikuwa na sababu ya haki na viliua watu wasiohesabika wa nchi zote mbili, na kwamba kuwaonyesha wageni kile kilima kunaidhihirisha jeuri ya Japani tu. Mjapani aliandika hayo karibu miaka 300 iliyopita, baada ya kubanwa na Wakorea waliokataa kukaa mezani. Nimesoma habari hii mara nyingi na kila mara inanigusa. Nilitaka wanachama wetu waijue, na sitaomba radhi kwa hilo.

Tsushima nako kuna wanaodai tulikwenda kutalii. Kisiwa kiko kilomita 50 hivi kutoka Busan. Ni milima mitupu na mashamba machache, kwa hiyo ukoo wa So uliokitawala uliishi kwa biashara na Korea. Biashara ilipokatwa na vita, watu wa kisiwa walifanya kila hila irudi, hadi kughushi barua za serikali kati ya shoguni na mfalme wa Joseon. Siri ilifichuka, na mwaka 1635 shoguni akatoa hukumu: bwana wa So akasamehewa, ofisa wake aliyefichua mambo, Yanagawa, akapelekwa uhamishoni, na watawa kutoka Kyoto wakaletwa kisiwani kusimamia barua. Nawauliza, ni mhadhara gani wa siasa za Japani ungewafundisha zaidi jinsi makao makuu na pembezoni zilivyotegemeana?

Na ukoloni tuliodaiwa kuukimbia tuliukuta hukohuko. Mjini Izuhara kuna jiwe la kumbukumbu la Choe Ik-hyeon, mzee wa Kikorea aliyeongoza mapambano dhidi ya Wajapani mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, akakamatwa na kupelekwa Tsushima, akafia huko. Mji huohuo una jiwe la ndoa ya Binti Mfalme Deokhye wa Korea na So Takeyuki, mrithi wa ukoo ule wa mabwana wa kisiwa, mwaka 1931. Deokhye alipelekwa Japani akiwa bado msichana, na alirudi Korea mwaka 1962 akiwa mgonjwa. Kaskazini mwa kisiwa kuna mnara wa meli ya wajumbe wa Korea iliyozama mwaka 1703, wakafa watu zaidi ya 100. Tulisimama pale, mzee wetu kutoka Bukavu akaomba dua. Anayeita hayo utalii hakuwepo.

Hata suala la sanamu ya Buddha tulilijadili mahali pake. Iliibwa mwaka 2012 kutoka hekalu la Kannonji la Tsushima na wezi kutoka Korea, kisha hekalu la Buseoksa la Seosan, Korea, likadai kwamba asili yake ni kwao na kwamba maharamia wa Kijapani ndio walioichukua karne nyingi nyuma. Mahakama ya Daejeon ilikubali mwaka 2017. Mahakama ya Juu mwaka 2023 iliamua umiliki ni wa Kannonji kwa sababu ya muda mrefu iliyokaa nayo, na Mei mwaka huu sanamu ikarudi Tsushima. Wanachama waligawanyika vikali, na waliotetea Seosan hawakuzuiwa na mtu.

Kuhusu mkataba wa 1965, wanaosema tuliupuuza nawaomba wafungue daftari la mahudhurio. Kikao cha Juni kilikuwa cha mkataba huo peke yake. Nilikiandaa mwenyewe: maandamano ya 1964 na amri ya kijeshi iliyofuata, kusainiwa tarehe 22 Juni 1965, dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mkopo, kifungu cha pili cha mkataba, ambacho hadi leo Seoul inakisoma kuwa utawala wa Japani ulikuwa batili tangu mwanzo na Tokyo haikisomi hivyo, kisha hukumu ya Mahakama ya Juu ya Korea ya tarehe 30 Oktoba 2018 kuhusu waliolazimishwa kufanya kazi. Walihudhuria watu tisa. Kati ya wale 11 waliosaini barua, walikuwepo wawili, na hao wawili nawashukuru kwa dhati.

Hapo ndipo ilipo shida yetu halisi. Chama kina wanachama 58 kwenye orodha. Vikao vingi havikupata akidi, na mara mbili tuliondoka bila kupitisha lolote. Watu wanaomba nakala za mada, wanazipata, wanazisambaza hadi Dar es Salaam na Nairobi, lakini kwenye kiti hawaonekani. Ada ni won 40,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 21. Wapo wanaodaiwa kwa mwaka wa tatu sasa, na miongoni mwao wapo wanaosema kwa sauti kubwa kuhusu matumizi ya akiba. Najua fedha za ufadhili huchelewa na kazi za muda hazina uhakika. Aliyekuja kwangu kwa siri akaeleza hali yake hakusumbuliwa. Ninaowasema ni wale wasiopokea simu ya Mhazini.

Hesabu ni hizi. Akiba tuliyoanza nayo won milioni 3.15, ada 840,000, michango 610,000, jumla milioni 4.6. Safari ilitumia milioni 1.9, ukumbi na chai 720,000, vitabu na nakala 380,000, rambirambi 300,000. Zimebaki milioni 1.3. Waliosafiri ni 12, kila mmoja alichangia nusu ya gharama yake, na mimi nililipa yangu yote kutoka mfukoni. Inasemekana akiba ilikuwa ya jarida. Ni kweli ilitengwa hivyo miaka iliyopita. Kwa miaka miwili tumeomba makala, zimekuja mbili, na moja ni yangu. Kamati iliona fedha zisikae bure wakati watu wana kiu ya kujifunza, na uamuzi huo ulipitishwa kwa kura halali.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikilipwa, kumwalika mwanahistoria kutoka Busan atufundishe kuhusu makazi ya Wajapani ya Choryang, Busan, yaliyofunguliwa 1678. Kuna wazo la kufika Arita. Jarida bado tunalitamani. Tungependa pia kuwapata vijana zaidi na kufufua kamati ndogo ya tafsiri, na wanachama wa Daejeon wameonyesha nia ya kuwa na vikao vyao.

Kuhusu uchaguzi, nimesikia maneno. Nimekitumikia chama hiki kwa nguvu na mali yangu, na niko tayari kuendelea iwapo mkutano huu utaniamini. Barua ya wanachama 11 nimeiambatisha nyuma ya taarifa hii bila kupunguza neno, na daftari la mahudhurio liko mezani kwa Katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Seoul