Hewa ya kiyoyozi chenu inatuangukia shingoni: barua ya malalamiko kutoka karakana ya ushonaji, Tabora

Kikundi cha Wanawake Mafundi Cherehani,
Ng'ambo,
Tabora.
18 Novemba 2024

Meneja wa Ufungaji,
Kampuni ya Viyoyozi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MATUNDU YA KUTOLEA HEWA BARIDI KATIKA KARAKANA YETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Agosti mwaka huu mafundi wenu walitufungia kiyoyozi cha darini, chenye mashine moja nje na mabomba ya hewa yanayopita juu ya siling bodi hadi kwenye matundu manne. Mashine inafanya kazi na inapoza, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mahali mlipotoboa dari na aina ya matundu mliyoweka. Hewa baridi inatumwagikia shingoni tangu asubuhi hadi jioni, na wanaopiga pasi mita chache tu kutoka hapo wanalowa jasho.

Naomba uelewe kwanza kwa nini tulitafuta kiyoyozi. Karakana yetu ni ghala la zamani na madirisha yake yanatazama barabara ya vumbi. Kuanzia Julai mpaka mvua zianze, ukifungua dirisha satini nyeupe inageuka rangi ya udongo kabla bibi harusi hajaijaribu. Ukifunga, joto la Septemba na Oktoba pamoja na pasi nne linatutoa roho. Tulikuwa na feni tatu. Feni inapepea kweli, lakini shifoni haikai mezani. Tulikuwa tunabana kila kona kwa pini na vipande vya chuma, na bado mkasi unapopita kitambaa kinanyanyuka. Kwa hiyo nilipozungumza na mtu wenu wa mauzo nilimwambia neno moja: tunataka baridi isiyo na upepo. Akaliandika mwenyewe kwenye makadirio ya bei, "hewa tulivu kwa mafundi wa kushona". Karatasi hiyo ninayo. Tulilipa kwa akiba yetu ya miaka mitatu kwa sababu ya maneno hayo.

Fundi aliyekuja kupima alipima urefu na upana wa chumba na kimo cha dari, akahesabu madirisha, akapiga hesabu ya ukubwa wa mashine. Hakuuliza hata mara moja watu wanakaa wapi. Cherehani zetu zilikuwa zimepangwa pale pale mbele yake, safu mbili, mafundi wakiwa wameinama kazini. Matundu yote manne yakatobolewa kwenye mstari mmoja juu ya safu hizo, kwa kuwa huko bomba lilikuwa fupi. Na si matundu ya kusambaza hewa. Ni nyavu za mapezi yaliyonyooka, zinazoipeleka hewa chini moja kwa moja. Dari letu lina mita 2.7. Fundi aliyekaa kwenye cherehani, kichwa chake kiko kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Kati ya tundu na yeye pana kama mita 1.6 tu, na hewa inayotoka ni ya nyuzi 13 au 14. Umbali huo hautoshi kuichanganya na hewa ya chumba kabla haijamfikia mtu.

Mzee wetu wa cherehani ya tatu ana miaka 61. Ameshona sare za shule za mji huu tangu ujana wake. Sasa anakuja kazini na kitenge amekizungushia shingoni, juu yake sweta, mwezi wa kumi, Tabora! Jioni hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza na mabega. Wenzake wawili wamehamisha cherehani zao hadi karibu na choo, mahali penye giza, ili tu wakwepe upepo. Inaniuma kusema hivi, kwa sababu mimi ndiye niliyewashawishi wote wachangie.

Na vitambaa havijapona. Septemba tulikata gauni la sendofu la shifoni ya tabaka mbili. Tabaka la juu lilinyanyuliwa kidogo tu, hakuna aliyeona mpaka tulipounganisha pindo na kukuta upande mmoja umepungua sentimita mbili. Tulinunua kitambaa kipya kwa fedha zetu na tukashona usiku.

Sikutaka kulalamika kwa hisia, kwa hiyo tulipima. Tulivuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta kwa kimo cha shingo ya mtu aliyekaa, tukaning'iniza nyuzi za kutarizi kila baada ya nusu mita. Kila uzi uliokuwa chini ya tundu ulikuwa ukitikisika muda wote. Upande wa pasi haukutikisika hata mmoja. Kisha tukafukiza ubani karibu na kila tundu. Moshi ulishuka wima mpaka mezani, ukagonga meza ya kukatia, ukatawanyika pembeni. Karibu na tundu la kwanza tuliona jambo jingine: moshi ulijikunja na kuingia kwenye tundu kubwa la kurudishia hewa, ambalo mmeliweka chini ya mita moja kutoka hapo. Yaani sehemu ya hewa mliyoipoza kwa umeme wetu inarudi kwenye mashine kabla haijamfikia mtu yeyote.

Binti wa mwenzetu mmoja anasomea majokofu na viyoyozi. Aliomba ruhusa akaja na kifaa cha kupimia kasi ya hewa. Shingoni mwa mzee wetu alipata mita 0.45 kwa sekunde, joto nyuzi 23. Kwenye meza ya pasi hewa karibu imesimama, joto nyuzi 29. Tundu lililo karibu na mashine linatoa zaidi ya mara mbili ya linalotoa la mwisho. Alipopanda ngazi na kuinua kipande cha siling bodi, alikuta bomba laini la tundu la mwisho limekunjwa kama mkono wa shati, wala hakuna kilango cha kurekebishia hewa kwenye tawi lolote.

Haya si mambo ya wanawake wanaopenda kulalamika, kama fundi wa pili mliyemtuma kurekebisha alivyotuambia usoni kwamba "wanawake hawapatani na eisii". Profesa P. Ole Fanger wa Denmark alitumia maisha yake kupima jinsi watu wanavyoisikia hewa mwilini, na yeye na wenzake mwaka 1988 walitoa kanuni ya kukadiria ni watu wangapi kati ya mia watakaosumbuliwa na upepo, kwa kuangalia kasi yake, joto lake na jinsi unavyotikisika. Kanuni hiyo imo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 7730. Binti yetu aliweka namba zetu humo, akichukua mtikisiko wa kawaida wa hewa ya vyumba vya namna hii, na jibu likawa zaidi ya nusu ya watu. Kiwango chenyewe, kwa daraja la kati, kinataka wasizidi 20 kati ya 100. Mtu aliyekaa anayefanya kazi ya mikono midogo midogo hapaswi kupigwa na hewa inayozidi mita 0.2 kwa sekunde au karibu na hapo, hasa shingoni na kwenye vifundo vya miguu. Sisi tunapigwa mara mbili yake.

Ninachotaka mkione ni kwamba dari lile lile lingeweza kutusaidia. Hewa ikitolewa kwa ulalo, sambamba na dari, hunata kwenye dari na kusafiri nalo. Wahandisi wameliita jambo hilo kwa jina la Henri Coandă wa Romania. Inapokwenda hivyo inaivuta hewa ya chumba na kujichanganya nayo, inapungua kasi, inapata joto, na ikifika kwa mtu imekuwa baridi ya kupumulia tu. Kwa sababu hiyo matundu ya darini yanayofaa yana bapa za kuitupa hewa pande nne, au ni mpasuo mwembamba mrefu unaoilaza hewa darini. Na lazima hewa itoke kwa nguvu ya kutosha. Ikitoka kivivu, uzito wa ubaridi wake unaiangusha katikati ya safari. Sisi tumepata vyote viwili: matundu matatu yanatupiga, na la mwisho linadondosha baridi nzito karibu na ukuta.

Fundi wa kwanza mliyemtuma kurekebisha alisema tupandishe hadi nyuzi 26. Tulipandisha. Upepo haukupungua, na wapiga pasi wakaomba ruhusa ya kutoka nje. Isitoshe, themostati, kile kifaa kinachopima joto na kuiwasha au kuizima mashine, mmeibandika kwenye nguzo inayopigwa na tundu la pili, kwa hiyo inaamini chumba kizima kimepoa na kuizima mashine mapema. Fundi wa pili alibandika utepe kwenye nusu ya kila tundu. Hewa ile ile ikapita kwenye nafasi ndogo zaidi: ikawa na kasi zaidi, na ikaanza kupiga mluzi tusioweza kusikilizana nao. Wa tatu alisema tusijali, tundu la kurudishia lililo karibu litauvuta upepo uliozidi. Hapana. Mshumaa unaweza kuuzima kwa kuupuliza ukiwa umbali wa mkono, lakini huwezi kuuzima kwa kuvuta pumzi kutoka umbali huo huo. Tundu linalovuta halina nguvu hatua chache mbele yake, na haliwezi kurekebisha kosa la tundu linalopuliza.

Huyo wa tatu aliongeza kuwa kiyoyozi ni cha watu, habari za vitambaa tusiwabebeshe nyinyi. Naye nilimjibu. Mfumo ambao Willis Carrier aliubuni mwaka 1902 huko Brooklyn, Marekani, ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji. Karatasi zilikuwa zinatanuka kwa unyevu na rangi hazikai mahali pake. Hewa ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kazi, starehe ya watu ikafuata. Sisi tuna vyote viwili chumbani, watu na kazi, na tulivieleza tangu mwanzo.

Sasa mvua zimeanza na limezuka jipya. Mwezi Agosti hewa ya Tabora ni kavu, hakuna aliyeona kitu. Tangu wiki ya kwanza ya Novemba hewa ina unyevu, mlango unafunguliwa na wateja, na nyavu za chuma zilizo baridi zinatoa jasho kama glasi ya maji ya barafu. Matone yanaangukia kwenye meza ya kukatia. Jumatano iliyopita yaliangukia bitana ya hariri na kuacha madoa mawili. Tumetandika nailoni juu ya cherehani mbili za umeme, na mafundi wanaogopa kuziwasha, nami siwalaumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inanidai mimi niwalinde, na siwezi kuwaambia waendelee kukaa chini ya maji.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na tunayadai kama sehemu ya kazi tuliyokwisha kuilipia. Ondoeni nyavu zote nne. Wekeni matundu ya pande nne yenye ukubwa uliopigiwa hesabu, na muyahamishie juu ya njia ya kupita kati ya safu, si juu ya vichwa. Ile taa ndefu inayoning'inia katikati, kama itakuwa mbele ya hewa, semeni tuihamishe sisi, maana hewa ikiigonga itaanguka palepale. Tundu la kurudishia lipelekwe upande wa pasi, likavute joto linapozaliwa. Kila tawi liwe na kilango chake, bomba lililokunjwa linyooshwe, na shingo za matundu zifungwe sufi ya kuzuia unyevu bila kuacha mwanya. Themostati ihamie ukutani, mbali na upepo na mbali na pasi.

Baada ya hapo mje na kifaa cha kupimia, mpime tukiwa tumekaa kwenye cherehani zetu, kila kiti, kwenye kimo cha kifundo cha mguu, kiuno na shingo, na mtuachie namba hizo kwa maandishi zikiwa na sahihi. Chumba kitupu hakitawaambia chochote.

Sehemu ya mwisho ya malipo, ambayo mkataba unasema italipwa kazi ikikubaliwa na mteja, tumeizuia na tutaendelea kuizuia. Gharama ya kitambaa cha gauni na bitana nimeiambatanisha pamoja na stakabadhi. Tunawapa siku 21 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila kazi kuanza, tutapeleka makadirio yenu yenye maneno "hewa tulivu", vipimo vyetu na picha za madoa kwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na tutatafuta fundi mwingine kwa fedha mtakazotakiwa kuturudishia.

Desemba tuna magauni kumi na moja ya harusi na sare za Januari zinaanza kukatwa. Kazi ya darini italeta vumbi la siling bodi, kwa hiyo tunaomba ifanyike Jumapili na Jumatatu. Tutafunga karakana siku hizo mbili na kufunika mashine zote wenyewe. Mtume fundi mwenye mamlaka ya kuamua, na kabla hajapanda ngazi akae kwanza kwenye cherehani ya tatu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa saa moja. Mzee wetu amekubali kumpisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti,
kwa niaba ya wanakikundi wote

Nakala: Afisa Maendeleo ya Jamii, Manispaa ya Tabora