Wanafunzi wafundishwe sababu ya sheria, si maana yake tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze namna tunavyowafundisha wanafunzi wetu habari za kanuni na sheria. Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari sheria ni nini, atakujibu papo hapo kwa sentensi aliyoikariri. Ukimuuliza sheria fulani iliwekwa ili kuzuia nini, atasema kwamba ukiivunja utafungwa. Jibu hilo la pili linanisumbua, kwa kuwa anayeijua sheria kwa adhabu yake peke yake huifuata pale tu askari anapoonekana.

Mfano mzuri wa kufundishia tunao. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mifuko ile ilikuwa ikiziba mitaro hata maji ya mvua yakafurika mitaani, mifugo ilikuwa ikiila, na ardhini haiozi upesi. Hata hivyo kanuni hizo hazikukataza kila plastiki, kwani vifungashio vya dawa, vya bidhaa za viwandani na vya kilimo viliruhusiwa. Haukupita muda mrefu wafanyabiashara sokoni wakaanza kuwapa wateja nyanya na vitunguu katika vifuko vyepesi visivyo na mishikio, wakisema kwamba hivyo ni vifungashio, si mifuko, hadi Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likalazimika kuingilia kati mwaka 2021. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mifuko imekatazwa hana la kumjibu muuza nyanya huyo, lakini aliyeelewa kwamba kilichokusudiwa ni plastiki isiishie mtaroni ataona mara moja kuwa hila hiyo inaiua sheria huku ikijifanya kuitii. Mwulize pia kwa nini dawa ziliachwa, naye atalazimika kupima faida na madhara, kazi ambayo ndiyo hasa ya mtunga sheria.

Najua baadhi ya walimu wenzangu wanahofu kwamba mwanafunzi akizoeshwa kuuliza sababu atakuwa mkaidi. Hofu hiyo siikubali. Ibara ya 26 ya Katiba yetu inamtaka kila mtu azitii Katiba na sheria za nchi, na papo hapo inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha kwamba zinahifadhiwa. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, hakuvunja sheria yoyote alipokwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya kufikisha miaka 18. Alishinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Kisa hicho kinafaa kusomwa darasani kabla ya tafsiri yoyote ya neno utawala bora.

Kazi ianzie shuleni kwenyewe. Mwanafunzi anapojiunga na kidato cha kwanza hupewa orodha ndefu ya sheria za shule, akatia saini, na mara nyingi hakuna anayekaa naye kumweleza hata moja. Napendekeza wiki ya kwanza zipitiwe zote pamoja na sababu zake, na ile ambayo walimu wenyewe hawawezi kuitolea sababu ipelekwe kwenye bodi ya shule ijadiliwe upya. Wanafunzi waelezwe pia kanuni zinazombana mwalimu: kwamba viboko havizidi vinne, kwamba hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kwamba kila adhabu ya namna hiyo lazima iandikwe katika daftari maalumu. Wakuu wa shule wanaweza kuanza na hili la mwisho muhula ujao, kwa kuwa halihitaji mtaala mpya wala bajeti.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa somo la Uraia,
Morogoro.