Homa ya mjamzito isitibiwe kwa kukisia

Mhariri,

Mwaka jana binti yangu, mimba ikiwa na wiki 33, alishikwa na homa na maumivu wakati wa kukojoa. Zahanati aliyokwenda ilimpa dawa ya maumivu tu; mkojo haukupimwa. Siku ya tatu akajifungua mapacha. Kulwa, wa kike, alipumua vizuri. Doto, wa kiume, alikaa kwenye oksijeni siku tisa.

Majirani walisema ni bahati tu. Hapana. Maambukizi yakifika kwenye mfuko wa uzazi, tishu huvimba na kutoa kemikali, zikiwemo prostaglandini, zinazoanzisha uchungu kabla ya wakati. Na kati ya watoto njiti, wavulana ndio hupata shida zaidi ya kupumua, kwani mapafu yao kwa kawaida huchelewa kukomaa kuliko ya wasichana. Madaktari wanalijua hili kwa miongo mingi. Sisi wazazi hatuambiwi.

Naomba wahusika wahakikishe vipimo vya mkojo na malaria havikosekani kliniki, na mama anayekaribia kuzaa njiti apelekwe mapema hospitali yenye sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto.

Bibi wa mapacha,
Morogoro