Tusiwaulize wazee kama wana kiu, tuwapelekee maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri tunaopewa kila joto linapopanda, kwamba mtu anywe maji anaposikia kiu. Kwa kijana mwenye afya ushauri huo hauna ubaya mkubwa, lakini kwa mzee ni wa hatari, nami nasema hivyo kwa sababu nusura nimpoteze baba yangu.

Baba ana umri wa miaka 79. Katika siku tatu za joto kali nilimuuliza asubuhi na jioni kama ana kiu, naye akanijibu kwa upole, "Hapana, mwanangu, sina kiu." Siku ya tatu akaniita kwa jina la marehemu kaka yake, tukadhani ni uzee tu. Hospitalini muuguzi aliutazama ulimi wake, uliokuwa umekauka na kupasuka, kisha akatuuliza alikojoa lini mara ya mwisho. Tulitazamana, hakuna aliyejua. Usiku ule niliporudi nyumbani niliikuta bilauri niliyomwekea kando ya kitanda imejaa vilevile, na kisahani nilichoifunikia kiko pale pale.

Baba hakuwa ametudanganya. Umri unaposonga, hisia ya kiu hufifia, figo hupungukiwa na uwezo wa kuyahifadhi maji, na akiba ya maji mwilini, ambayo kwa mwanamume kijana ni takriban asilimia 60 ya uzito wake, hushuka hadi karibu asilimia 50. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo huongeza mkojo. Kisha kuna haya ya kumwamsha mtu usiku ili akupeleke msalani, ambayo humfanya mzee ajinyime maji tangu jioni. Hili baba alilikiri mwenyewe alipopata nafuu, na liliniuma kuliko yote.

Mwili hujipoza pale jasho linapokauka juu ya ngozi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho hutiririka tu, maji yakapotea bila mtu kupoa. Katika joto la mwaka 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000, wengi wao wakiwa wazee, na baada ya msiba huo nchi hiyo ikaweka utaratibu wa manispaa kuwaandikisha wazee wanaoishi peke yao ili wajuliwe hali siku za joto kali. Naona walikwenda kwenye kiini: hawakungoja mzee aombe msaada.

Nyumbani kwetu sasa hatuulizi, tunapeleka. Baba hupewa nusu bilauri kila baada ya muda mfupi, kwa sababu bilauri nzima humchosha kuitazama, na nyingi zaidi hupewa mchana ili usiku alale. Chai, supu na matunda yenye maji mengi tunavihesabu pia. Mkojo wa rangi ya manjano iliyokolea, au usiotoka kwa saa nyingi, hutuonya mapema kuliko kiu, ingawa dawa nyingine hubadili rangi yake. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo apangiwe kiasi na daktari wake, maana kwake maji mengi nayo yanaweza kudhuru. Na mzee akichanganyikiwa ghafla siku ya joto, awahishwe hospitali. Akiwa hana fahamu asimiminiwe maji mdomoni, kwani yanaweza kuingia mapafuni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mnapochapisha utabiri wa siku za joto kali, muongeze mstari mmoja unaowauliza wanaotunza wazee: mzee wako amekunywa mara ngapi leo, na umeona kwa macho yako bilauri ikiisha?

Msomaji wako